Kitenzi ‘pima’ kinapokutana na kompyuta za kwantamu

MWANAFUNZI wangu wa zamani, ambaye siku hizi amezama katika sayansi ya kompyuta, aliniandikia majuzi akitaka nimsahihishie sentensi moja. “Mwalimu, habari za siku nyingi. Nimeandika hivi: ‘Ukiipima programu ya kompyuta ya kwantamu unaiharibu, na usipoipima hutajua kama ni sahihi.’ Wenzangu wanacheka, ati sentensi inajipinga. Kwani nimekosea wapi?”

Kisarufi hajakosea popote. Tatizo ni kwamba kitenzi ‘pima’ kimebebeshwa mizigo miwili katika sentensi moja, nayo mizigo hiyo ndiyo kiini cha ugumu unaowakosesha usingizi wahandisi wa kompyuta hizi. Mzigo wa kwanza ni kusoma thamani ya kitu, jinsi mtu anavyosoma mizani. Wa pili ni kuichunguza kazi ya mtu ili kujua kama ni sawa. Waingereza wana maneno mawili tofauti hapo. Sisi tumezoea kutumia moja, na kwa muda mrefu halikutusumbua.

Halikutusumbua kwa sababu katika matumizi yetu ya kila siku kinachopimwa hubaki kilivyokuwa. Mpima ardhi akivuta kamba yake, kiwanja hakipungui. Mwenye duka akipima kilo ya sukari, sukari ni ile ile. Hata hospitalini, mtu anapopimwa damu, hutolewa kiasi kidogo tu, na kile kidogo kinasimama badala ya damu yote iliyobaki mwilini. Mtaalamu wa maabara anaweza kukimwaga baadaye na mgonjwa asijue. Hebu mfano huu wa damu tuuweke akiba, maana tutauhitaji.

Mtu anayeandika programu za kawaida husaka hitilafu kwa njia inayofanana na ya daktari huyo. Tuseme ameandika programu ya kukokotoa mishahara, na karani analalamika kwamba kodi inayokatwa si sahihi. Mwandishi ataisimamisha programu katikati ya safari, achungulie ndani aone mshahara ghafi ulikuwa kiasi gani kabla ya kodi kukatwa, aiachilie iendelee, aisimamishe tena hatua mbili mbele, achungulie tena. Mahali namba inapobadilika visivyo, hapo ndipo penye tatizo. Mbinu zote za kusaka hitilafu, hata zile za kisasa kabisa, zimejengwa juu ya ruhusa hii ya kuchungulia bila kugusa.

Kompyuta ya kwantamu haitoi ruhusa hiyo.

Biti ya kompyuta ya kawaida ni sifuri ama moja. Kyubiti, ambayo ndiyo biti ya kompyuta ya kwantamu, kabla haijasomwa hubeba uwezekano wa yote mawili kwa pamoja, kila uwezekano ukiwa na uzito wake. Uzito huo unaweza kuwa na ishara chanya au hasi. (Wanahisabati watanisuta kwamba mambo ni mapana zaidi ya chanya na hasi. Ni kweli, lakini kwa leo zinatutosha.) Kyubiti 2 hubeba uzito 4, kyubiti 10 hubeba 1,024, na kyubiti 50 hubeba zaidi ya trilioni 1,000. Kazi yote ya programu ni kuzichezea zile ishara hadi uwezekano wa majibu mabaya ukatane wenyewe kwa wenyewe na ule wa jibu jema ukue. Ila mara tu unapopima, utajiri huo wote huporomoka. Kyubiti 50 zitakupa mfuatano mmoja wa sifuri na moja 50, basi. Vingine vimekwenda na havirudi.

Je, si tuchukue ‘tone la damu’, yaani tunakili hali ya kyubiti, tupime nakala na kuiacha ile asilia iendelee? Haiwezekani. Mwaka wa 1982, William Wootters na Wojciech Zurek, na kando yao Dennis Dieks, walionyesha kwamba hali ya kwantamu usiyoijua haiwezi kunakiliwa kikamilifu. Hilo ni sharti la maumbile yenyewe, na hakuna fundi atakayezaliwa kesho akalikwepa.

Kwa hiyo sentensi ya mwanafunzi wangu naiandika upya hivi: ‘Ukizipima kyubiti katikati ya programu unaiharibu hali yake, na usipozipima huwezi kuihakiki programu hiyo.’ Nimekiacha ‘pima’ kibebe mzigo mmoja tu, ule wa mizani, na ule mwingine nimeukabidhi ‘hakiki’. Najua sisi watu wa fasihi tumeling’ang’ania neno hilo kama mali yetu, lakini shina lake ni lile lile la ‘haki’ na ‘hakika’, na kuuliza kama programu inafanya kwa hakika kile ilichokusudiwa ni matumizi halali kabisa. Kati ya hayo mawili kuna ‘jaribu’: kuiendesha programu ili uone itakavyofanya. Unaweza kujaribu mara elfu na usiwe umehakiki chochote. Huu hapa mfano.

Chukua programu fupi ambayo wanaoanza somo hili hukutana nayo mapema. Ina kyubiti mbili. Hatua ya kwanza huiweka kyubiti ya kwanza katikati ya sifuri na moja. Hatua ya pili huifungamanisha na mwenzake. Ukipima mwishoni utapata 00 au 11, nusu kwa nusu. Kyubiti hizo kamwe hazitofautiani. Sasa tuseme mwandishi ameteleza, akaingiza hatua moja ya ziada inayogeuza ishara ya ule uwezekano wa 11 kutoka chanya hadi hasi. Programu tayari ni mbovu, na mbele ya safari itatoa majibu ya kupotosha. Iendeshe mara 1,000 uone: 00 takriban mara 500, 11 takriban mara 500. Endesha ile iliyo sahihi: vivyo hivyo. Endesha zote mbili mara milioni moja, hutaona tofauti. Ishara haionekani kwenye mizani hii.

Itaonekana tu ukiuliza kwa namna nyingine. Kabla ya kupima, zipitishe kyubiti zote mbili katika hatua ile ile iliyotumika mwanzoni kuiweka kyubiti ya kwanza katikati. Hapo programu sahihi itatoa tena 00 na 11, ilhali ile mbovu itatoa 01 na 10, peupe kabisa. Kwa hivyo msaka hitilafu wa kwantamu lazima aamue mapema ni swali lipi anauliza, kwa kuwa kila swali linaiteketeza hali iliyopo na inabidi programu ianze tena tangu hatua ya kwanza.

Tena jibu analopata si ‘ndiyo’ wala ‘la’. Ni hesabu ya marudio. Ukirusha sarafu nzima mara 1,000, kupata kichwa mara 480 au 520 si ajabu. Mara 430 je? Hapo sarafu hiyo nitaikagua. Ukitaka kupunguza ukungu huo kwa nusu, marudio yawe mara nne. Mwaka wa 2019 Yipeng Huang na Margaret Martonosi wa Chuo Kikuu cha Princeton walipendekeza mbinu inayotumia hesabu hizi waziwazi: ikate programu mahali unapopatilia shaka, iendeshe hadi hapo mara nyingi, pima, kisha utumie mtihani wa takwimu kuuliza kama matokeo yanalingana na hali uliyoitarajia mahali hapo. Je, kyubiti zilipaswa kuwa na thamani moja tu? Kuwa katikati? Kufungamana? Wanafunzi wa takwimu wataukumbuka mtihani huo wa kai-mraba. Ni ule ule wanaoutumia kulinganisha majibu ya hojaji. Naipenda mbinu hii kwa sababu inakiri kwamba huwezi kuona moja kwa moja, unaweza tu kukusanya ushahidi.

Mpaka hapa nimejifanya kana kwamba mashine yenyewe haina lawama. Ingekuwa hivyo, kazi ingekuwa nusu.

Kyubiti ni kitu dhaifu ajabu. Joto kidogo, sumaku iliyo karibu, hata jirani yake tu, vinatosha kuivuruga. Mashine za Google na IBM zinazotumia vipitishaumeme maalumu hugandishwa hadi karibu kabisa na sifuri halisi, baridi kuliko anga za mbali, na bado huteleza. Kwenye mashine ya Google iliyoitwa Sycamore, kila hatua iliyohusisha kyubiti mbili ilikosea takriban mara 6 katika kila 1,000. Ndogo, utasema. Lakini programu yenye mamia ya hatua hizo itakuwa imepotoka karibu kila mara kabla haijafika mwisho. Wataalamu huliita tatizo hili kelele, neno ambalo yeyote aliyewahi kuitegea sikio redio ya masafa mafupi usiku atalielewa bila tafsiri: sauti ya mtangazaji ipo, ila imezama ndani ya mkwaruzo.

Basi rudi kwenye programu yetu ya kyubiti mbili. Uiendeshe kwenye mashine halisi, na tuseme itoe 00 mara 483, 11 mara 471, 01 mara 25 na 10 mara 21. Zile 46 za mwisho hazikupaswa kuwepo. Zimetoka wapi? Ni mkono wa mwandishi au mkwaruzo wa mashine?

Hapa lugha yetu inatufaa kuliko tunavyodhani. Kwa Kiingereza hitilafu ya programu huitwa mdudu, na wengi hupenda kusimulia kisa cha Septemba 1947, pale mafundi wa kompyuta ya Mark II katika Chuo Kikuu cha Harvard walipomkuta nondo ndani ya mtambo, wakambandika kwenye daftari lao la kumbukumbu. (Nondo yule mdudu wa usiku, si vyuma vya ujenzi.) Kisa ni cha kweli, ila neno lilikuwapo kabla, Thomas Edison alilitumia katika karne ya 19. Mdudu huyo hasemi chochote kuhusu nani wa kulaumiwa. Kiswahili kinasema. ‘Kosa’ lina mwenyewe: mtu hukosa, mtu hukosea. ‘Hitilafu’ asili yake ni tofauti, kutolingana, ndiyo maana tunasema watu wamehitilafiana. Ni pengo kati ya kilichokusudiwa na kilichotokea, bila kutaja limesababishwa na nani. Napendekeza tuanze kila mara kwa kusema tumeona hitilafu. Baada ya uchunguzi ndipo tuamue kama ni kosa la mwandishi au kelele za mashine. Nimesoma maelezo ya Kiswahili kuhusu kompyuta hizi ambamo vyote vitatu vinaitwa ‘makosa’, na msomaji anamaliza akidhani wahandisi wa Marekani hawajui kuandika programu.

Uchunguzi wenyewe hufanywaje? Njia rahisi ni kuiendesha programu kwenye kompyuta ya kawaida inayoigiza ile ya kwantamu. Huko hakuna kelele, na, jambo lililo tamu zaidi, unaweza kuchungulia utakavyo, kwa kuwa uzito wote umeandikwa kama namba kwenye kumbukumbu. Hitilafu ikibaki hata huko, basi ni kosa lako. Njia nyingine ni ya kioo: endesha programu hadi mwisho, kisha irudishe kinyumenyume hatua kwa hatua. Ikiwa mashine ni safi, kyubiti zote zitarudi sifuri zilikoanzia. Lakini angalia kioo hicho kinaonyesha nini. Mtu aliyechukua barabara isiyo yake anaweza kurudi nyumbani salama kwa njia ile ile aliyoijia. Hilo halithibitishi kwamba alifika alikokuwa akienda. Programu yenye kosa hurudi kinyumenyume pamoja na kosa lake, vizuri kabisa. Kioo huzipima kelele za mashine. Kuhusu kosa la mwandishi hakisemi neno.

Makosa ya waandishi nayo, mengi si ya ajabu ya kwantamu. Mwaka wa 2022 Matteo Paltenghi na Michael Pradel wa Chuo Kikuu cha Stuttgart, Ujerumani, walichapisha uchunguzi wa hitilafu 223 kutoka miradi 18 ya programu za msingi za kompyuta hizi. Zilizohusu kwantamu yenyewe zilikuwa takriban asilimia 40. Zilizosalia ni zile zile za mwandishi yeyote wa programu mahali popote.

Mojawapo ya zile za kipekee inanichekesha kwa sababu sisi tunaiishi kila siku. Ukipata jibu ‘01’, ni kyubiti gani iliyo moja? Vitabu vingi huandika kyubiti ya kwanza kushoto. Qiskit, programu ya IBM inayotumiwa sana, huiandika kulia kabisa. Hivyo ‘01’ ile ile ni hali mbili tofauti, kutegemea umefunzwa wapi. Mwambie mgeni mkutane saa mbili asubuhi. Akihesabu saa kwa Kiingereza atafika kungali giza na kukulaumu kwa kuchelewa. Hakuna kati yenu aliyekosea hesabu. Mmehitilafiana.

Sasa tufike kwenye ukuta wenyewe. Ile kompyuta ya kuigiza ni rafiki mwema programu zikiwa ndogo. Kwa kyubiti 30 inahitaji takriban gigabaiti 17 za kumbukumbu, ambazo kompyuta nzuri ya mezani inazo. Kila kyubiti moja ukiongeza, hitaji hilo hukua maradufu. Kwa kyubiti 50 unahitaji gigabaiti milioni 18 hivi. Zipo mbinu za kubana, lakini nazo zina kikomo. Na kumbuka kwamba sababu yenyewe ya kuzijenga kompyuta za kwantamu ni zile hesabu ambazo kompyuta za kawaida haziziwezi. Yaani pale mashine hizi zinapoanza kuwa na faida, ndipo mhakiki wake anapoishiwa nguvu.

Google walikutana na ukuta huo mwaka wa 2019, walipotangaza kwamba Sycamore, kwa kyubiti 53, ilikuwa imetoa sampuli milioni moja kwa sekunde 200, kazi ambayo walikadiria ingeichukua kompyuta kubwa ya kawaida miaka 10,000. IBM walijibu papo hapo kwamba ingechukua siku mbili na nusu tu. Vyombo vya habari viling’ang’ania ugomvi huo wa miaka na siku. Swali lililonivutia mimi ni jingine: kama hesabu hiyo haikuwezekana kufanywa kwingine, Google walijuaje kwamba majibu ni sahihi? Hawakuyahakiki moja kwa moja. Walitengeneza programu zilizorahisishwa, kwa mfano kuzigawa kyubiti makundi mawili yasiyogusana, ambazo kompyuta za kawaida zingeweza kuzifuatilia. Wakaona ubora wa majibu unashuka kwa kiwango kile kile walichokitabiri kutokana na kelele za kila hatua, kisha wakakisia kwamba mwenendo huo huo unaendelea kwenye ile programu kamili. Na ubora huo? Takriban asilimia 0.2. Yaani karibu kila kitu kilikuwa mkwaruzo, na sauti ya mtangazaji ilisikika kwa sababu tu sampuli zilikuwa nyingi mno. Ni kazi ya uangalifu mkubwa na siibezi, ila ni makisio yenye hoja nzuri. Kuiita ‘uthibitisho’, kama nilivyosoma mahali, ni kulionea neno.

Baadhi ya kazi hazina shida hii. Kanuni aliyoibuni Peter Shor mwaka wa 1994 hutafuta namba zinazozidishwa kutoa namba kubwa, jambo linalotishia siri nyingi zinazolinda malipo kwenye intaneti. Ikikupa jibu, zidisha tu uone. Mwaka wa 2001 watafiti wa IBM walipoiendesha kwa kyubiti 7 wakaambiwa kwamba 15 ni 3 mara 5, mtoto wa shule ya msingi angeweza kuwahakikia. Lakini wanakemia wanaozisubiri mashine hizi ziwaambie jinsi molekuli fulani itakavyotenda hawatakuwa na kuzidisha kwa kalamu. Mtu atakapobuni dawa kwa kutegemea jibu hilo, atataka kujua kama mashine ilihesabu au ilikwaruza.

Njia moja iliyopatikana haimo katika ‘pima’ wala ‘jaribu’. Mwaka wa 2018 Urmila Mahadev, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamifu katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alionyesha namna mtu mwenye kompyuta ya kawaida tu anavyoweza kuihoji kompyuta ya kwantamu na kuinasa ikidanganya. Siri yake ni kuifunga mashine kwa fumbo la kihisabati ambalo hata yenyewe, kwa tunavyoamini, haiwezi kulifumbua, kisha kuiuliza maswali ambayo haijui ni yapi ya mtego. ‘Kuhoji’ ndilo neno ningelitumia hapo, kwa maana ya mahakamani: wakili hamwoni shahidi alichokiona, wala hakuwepo, ila anajua kupanga maswali ambayo mwongo hujikanyaga akiyajibu. Kwa sasa mahojiano hayo yanadai kyubiti nyingi na safi kuliko zilizopo, na waandishi wa programu wanaendelea kuhakiki kwa mifano midogo, kyubiti chache chache, marudio elfu kwa elfu.